Amplifaya ya Nguvu Huanzia Kwenye Spika

Anayeuliza ni amplifaya ipi iliyo bora kwa muziki wa nyumbani huwa ameuliza nusu ya swali, kwa sababu nusu ya pili ni spika zake. Amplifaya mbili zenye bei moja na wati zilezile kwenye karatasi zinaweza kupishana mbali sana zikifungwa kwenye spika ngumu kuendesha, kisha zikafanana hata zisitambulike ipi ni ipi zikifungwa kwenye spika nyepesi. Ndiyo maana makala hii haitamtajia msomaji amplifaya ya kununua. Itaanza kwenye spika na chumba, irudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye amplifaya, na bei itakaa nyuma ya hayo yote.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Amplifaya ya nguvu, ambayo mafundi huiita kwa mkato pawa, haina redio, haina swichi ya kuchagua chanzo cha muziki, na mara nyingi haina hata kidhibiti cha sauti; hayo ni ya priampu inayoitangulia. Kazi yake ni kupokea volti chache, kwa kawaida zisizozidi 2, na kuzizidisha kwa kiasi kisichobadilika, mara 20 hivi katika amplifaya nyingi. Wengi hudhani kwamba umeme mdogo unaoingia ndio unaovimbishwa ukatokea upande wa pili. Sivyo. Umeme unaoitikisa spika unatoka kwenye soketi ya ukutani: transfoma huupunguza, diodi huunyoosha, kapasita huuhifadhi, na transista za mwisho huufungulia na kuubana kama mtu ashikaye koki ya bomba, zikifuata umbo la wimbi dogo linaloingia. Kwa hiyo anayenunua amplifaya ya gharama, sehemu kubwa ya fedha yake, na karibu uzito wote atakaoubeba, huenda kwenye tangi la maji na mabomba yake, wala si kwenye koki.

Kwa jicho la mhandisi, amplifaya kamili ni ile inayotoa volti ilizoagizwa bila kujali spika inadai mkondo kiasi gani. Karibu kila jambo litakalofuata hapa chini ni maelezo ya jinsi amplifaya halisi zinavyoshindwa kufikia sharti hilo moja, na ya lini kushindwa huko kunasikika.

Swali la wati ndilo linalowasumbua watu kuliko yote, ingawa ndilo linalojibika kwa hesabu nyepesi. Kila spika ya maana huja na kipimo cha unyeti, yaani ikipewa volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni wati 1 kamili, itatoa desibeli ngapi, yaani sauti kubwa kiasi gani, zikipimwa mita 1 mbele yake. Spika nyingi za nyumbani huwa kati ya desibeli 84 na 90. Tuchukue spika za desibeli 87, na msikilizaji ameketi mita 3 kutoka zilipo. Umbali huo ungepunguza desibeli 9 na nusu kama spika zingekuwa uwanjani, lakini kuta za chumba hurudisha sehemu ya kilichopotea na spika ya pili huongeza desibeli zake, hata wati 1 kwa kila spika ikamfikia kitini kama desibeli 83 hivi. Hiyo tayari ni sauti kubwa. Anayesikiliza jioni kwa utulivu yuko karibu na desibeli 75, na hapo kila spika inatumia chini ya robo ya wati.

Mtu akiambiwa hivyo huhisi ametapeliwa: kama robo ya wati yatosha, hizo wati 200 zilizoandikwa kwenye kasha ni za nini? Ni za vilele. Muziki hauendi kwa kiwango kimoja. Ngoma inapopigwa au kinanda kinapogongwa kwa nguvu, kilele cha wimbi kinaweza kupanda desibeli 20 juu ya wastani, na desibeli 20 ni nguvu mara 100. Kwa hiyo msikilizaji wetu wa desibeli 75 anahitaji kilele cha 95, yaani wati 16 hivi, ilhali jirani yake anayependa wastani wa desibeli 85 anahitaji wati 160 kwa muziki uleule na spika zilezile. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kila desibeli 3 za ziada hudai wati maradufu, na desibeli 10, ambazo sikio huzihisi kama sauti iliyoongezeka mara mbili, hudai wati mara 10. Ndiyo sababu tofauti kati ya amplifaya ya wati 100 na ya wati 150 haifiki hata desibeli 2, ingawa kwenye tangazo inaonekana kama mlima na kichuguu.

Unyeti wa spika una amri kubwa kuliko wati. Spika ndogo ya LS3/5A, iliyobuniwa na shirika la utangazaji la BBC katika miaka ya 1970, ina unyeti wa desibeli 82 au 83 tu, wakati Klipschorn, spika ya pembe iliyoanza kuuzwa na Paul Klipsch katika miaka ya 1940, hutangazwa kuwa na zaidi ya desibeli 100. Kwa hesabu ya hapo juu, desibeli 105 kitini kwa Klipschorn zinapatikana kwa wati chache sana, kiasi cha amplifaya ya valvu moja (valvu ni taa ya kioo iliyofanya kazi ya transista kabla transista hazijakuwepo), ilhali kwa LS3/5A zingedai mamia ya wati, na kibox kidogo kama hicho hakiwezi kuzipokea bila kuungua. Mwenye spika ya aina hiyo anunue amplifaya safi ya wastani na akubali kusikiliza kwa sauti ya wastani. Hakuna pawa itakayobadilisha maumbile ya spika.

Asiyependa kukisia anaweza kupima. Nilifanya hivyo kwangu kwa multimita ya kawaida. Niliweka kidhibiti cha sauti mahali pa juu kabisa ninapowahi kufika ninaposikiliza, nikazima amplifaya, nikachomoa waya za spika, nikawasha tena na kucheza mlio mmoja wa hezi 120, yaani mitetemo 120 kwa sekunde, uliorekodiwa desibeli 12 chini ya kikomo cha rekodi za dijitali. Mita, ikiwa kwenye volti za mkondo geu, ilisoma volti 4.2 kwenye terminali za spika. Desibeli 12 za volti ni mara 4, kwa hiyo rekodi yoyote inapogusa kikomo, amplifaya yangu hudaiwa volti 16.8. Mraba wa volti hizo ukigawanywa kwa omu 8 unatoa wati 35. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiamini kwamba amplifaya yangu ya wati 120 inanibana na ninahitaji kubwa zaidi. Tahadhari moja tu: amplifaya za valvu zenye transfoma ya kutolea sauti hazipaswi kuendeshwa bila spika kufungwa, kwa hiyo jaribio hili si lao.

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba spika ni omu 8 moja kwa moja, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Spika haina ukinzani mmoja. Ina impidansi, yaani ukinzani unaobadilika kulingana na masafa ya sauti, na namba iliyobandikwa nyuma yake ni makadirio ya mtengenezaji. Spika inayoitwa ya omu 8 inaweza kupanda hadi omu 30 kwenye besi ya chini kabisa, ikashuka hadi 4 kwenye hezi 150, ikapanda tena katikati na kushuka tena juu. Iliyoitwa ya omu 4 inaweza kugusa 2 na nusu. Amplifaya haioni hiyo namba ya kibandiko. Inauona mchoro mzima, na inauona wote kwa wakati mmoja kwa kuwa muziki una masafa yote.

Tuweke namba. Amplifaya inayotoa wati 200 kwa omu 8 inatoa volti 40 na mkondo wa ampea 5. Impidansi ikishuka hadi omu 4 kwa volti zilezile, mkondo unakuwa ampea 10 na nguvu wati 400. Ikishuka hadi 2, mkondo ni ampea 20 na nguvu wati 800. Kidhibiti cha sauti hakijaguswa. Ni noti tu imebadilika, mpiga besi ameshuka kutoka waya mmoja kwenda mwingine. Amplifaya ambayo transfoma yake haiwezi kumudu mkondo huo itapunguza volti, kwa hiyo noti hiyo moja itatoka ikiwa imedhoofika au imekatwa kilele, na nyingine zote zitabaki sawa. Msikilizaji husema besi haina nguvu, au kwamba muziki unabanana ukipandishwa sauti, na fundi asiye na mchoro wa impidansi humwambia abadilishe waya.

Kuna ugumu wa pili usioonekana kwenye namba za omu. Katika spika halisi, mkondo hauendi sambamba na volti. Kwenye masafa fulani hutangulia, kwenye mengine huchelewa, na tofauti hiyo hupimwa kwa digrii. Mkondo ukiwa mkubwa wakati ambapo volti za spika ni ndogo, transista hulazimika kubeba volti nyingi na mkondo mwingi kwa pamoja, na joto lake hupanda sana. Omu 4 zenye kuchelewa kwa digrii 50 ni mzigo mzito kuliko omu 3 zisizo na tofauti yoyote. Ndiyo maana kabla ya kutazama amplifaya, mnunuzi atafute mchoro wa impidansi wa spika zake katika majarida yanayopima vifaa. Atazame mambo mawili: sehemu ya chini kabisa ya mstari wa omu, na digrii zilizopo kwenye masafa hayohayo. Omu chache na digrii nyingi zikikutana kwenye besi au sauti za kati, ambako muziki una nguvu nyingi, ajue ana spika ngumu.

Historia ina mifano ya kupindukia. Apogee Scintilla, spika ya utepe ya miaka ya 1980, ilikuwa na impidansi ya omu 1, na amplifaya nyingi za heshima zilikata fyuzi mbele yake. Kwa upande mwingine, Mark Levinson ML-2 ya mwaka 1977 ilitangazwa kuwa na wati 25 tu kwa omu 8, lakini ilipanda hadi 50 kwa omu 4 na 100 kwa omu 2, kwa kuwa tangi lake halikutikisika. Wati zinazoongezeka maradufu kila omu zinapopungua kwa nusu ndizo alama ambayo wapenzi wa vifaa hivi huitafuta, na ni alama nzuri, mradi msomaji akumbuke kwamba jedwali linaweza kunyooshwa kwa kutaja wati pungufu za omu 8 ili hesabu ipendeze. Ninavyoona mimi, amplifaya inayotoa 150, 270 na 420 kwa omu 8, 4 na 2 imesema ukweli wake waziwazi, na inatosha spika nyingi.

Wati zilizoandikwa zina thamani kulingana na masharti yaliyoandikwa pamoja nazo. Marekani ilikuwa na vurugu kubwa ya namba hadi mwaka 1974, tume yake ya biashara ilipotoa kanuni ya kuwalazimisha watengenezaji kutaja wati za kudumu pamoja na impidansi, masafa na kiasi cha upotoshaji, yaani kile ambacho amplifaya inakiongeza kwenye muziki bila kuagizwa, amplifaya ikiwa imepashwa joto kwanza. Mwaka 2024 kanuni hiyo ilikazwa ili wati zitajwe kwa omu 8 na kwa masafa yote kutoka hezi 20 hadi 20,000. Nje ya masharti kama hayo, mtu anaweza kupima kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, upande mmoja tu ukifanya kazi, upotoshaji ukiwa asilimia 10, na akapata namba ya kupendeza. Ukikuta herufi PMPO, ambazo hutajia wati za kilele zisizo na masharti yoyote, funga karatasi.

Upotoshaji wenyewe huandikwa kwa asilimia, na asilimia 0.1 ni desibeli 60 chini ya muziki, 0.01 ni 80 chini, 0.001 ni 100 chini. Baada ya hapo namba zinazidi kushuka bila sikio kupata kitu. La muhimu ni mahali upotoshaji ulipo. Tulishaona kwamba muda mwingi tunasikiliza kwa chini ya wati 1, ilhali kipimo cha kwenye karatasi mara nyingi kimechukuliwa karibu na nguvu yote. Amplifaya mbovu inaweza kuwa safi kwenye wati 100 na chafu kwenye nusu wati, kwa sababu ambayo inatupeleka kwenye madaraja ya amplifaya, yaani aina zake kulingana na jinsi transista za mwisho zinavyofanya kazi.

Transista za mwisho hufanya kazi wawiliwawili, moja ikishughulikia nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini. Katika daraja B kila moja hulala zamu ya mwenzake inapofika, na wakati wa kupokezana, wimbi linapovuka sifuri, hubaki pengo dogo. Pengo hilo halipungui sauti inapopungua, kwa hiyo kwenye sauti ndogo ndipo linapochukua sehemu kubwa ya muziki. Daraja A huondoa tatizo kwa kutoziruhusu transista zilale kabisa: mkondo hupita wakati wote, muziki ukiwepo au usiwepo. Gharama yake ni joto. Amplifaya ya daraja A ya wati 50 kwa kila upande haiwezi, hata kinadharia, kupoteza chini ya wati 200 ikiwa imekaa kimya, na ukiweka kiganja juu ya mapezi yake ya kupozea baada ya saa moja utakiondoa haraka. Daraja AB ni suluhu kati ya hayo mawili: mkondo mdogo wa kudumu huziba pengo, na kwa sauti kubwa transista hurudi kupokezana. Amplifaya nyingi nzuri duniani ni za daraja hili. Nelson Pass, mbunifu Mmarekani aliyejenga jina lake kwa daraja A, aliipa moja ya kampuni zake jina First Watt, yaani wati ya kwanza, na jina hilo linasema yote aliyotaka kusema kuhusu mahali pa kutazama.

Daraja D ni habari nyingine, na herufi hiyo haimaanishi dijitali. Hapa transista haibani umeme kidogo kidogo. Huwa imefunguliwa yote au imefungwa yote, ikibadilika mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na muda wa kufunguliwa ndio unaobeba umbo la muziki. Koili na kapasita mwishoni huchuja mlio huo wa kasi na kuacha sauti. Joto linakuwa kidogo kiasi kwamba zaidi ya asilimia 90 ya umeme hufika kwenye spika. Zile za awali zilikuwa na kasoro ya kweli: kichujio kilikaa nje ya mzunguko wa kusahihisha makosa, ambao tutauona hapa chini, kwa hiyo sauti za juu zilibadilika kila ulipobadilisha spika. Mhandisi Mbelgiji Bruno Putzeys, akiwa Philips, alikiingiza kichujio ndani ya mzunguko huo, na kazi yake ya baadaye katika kampuni za Hypex na Purifi imetoa moduli ambazo upotoshaji wake ni mdogo kuliko wa amplifaya nyingi zenye uzito mara tano. Anayezikataa kwa sababu tu ni nyepesi anapima muziki kwa mizani ya sokoni.

Huo mzunguko wa kusahihisha una jina, mrejesho hasi, na una historia ya kupendeza. Tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black wa maabara za Bell alikuwa kwenye kivuko akienda kazini New York alipopata wazo la kurudisha sehemu ya kilichotoka ili kilinganishwe na kilichoingia, tofauti ifutwe. Hakuwa na daftari, akachora kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo. Karibu kila amplifaya ya leo inadaiwa na ukurasa huo. Katika miaka ya 1970 Mfini Matti Otala alionyesha kwamba amplifaya ya polepole ikitegemea mrejesho mwingi inaweza kuvurugika wimbi linapobadilika ghafla, na tangu hapo baadhi ya wauzaji wamejivunia kutokuwa na mrejesho kabisa. Funzo la Otala lilihusu kasi. Mrejesho uliobuniwa vizuri, hata ukiwa mwingi sana, hauna ubaya wowote unaopimika, na bila mrejesho mbunifu analazimika kuwa stadi mara dufu ili afike palepale.

Amplifaya za valvu zina mahali pake, lakini mnunuzi ajue ananunua nini. Amplifaya ya valvu inaweza kuwa na ukinzani wake yenyewe wa omu 2 kwenye mlango wa kutokea. Spika ambayo impidansi yake inacheza kati ya omu 4 na 20 ikifungwa hapo, masafa yenye omu 20 yatasikika juu ya yale yenye omu 4 kwa karibu desibeli 2.7. Hiyo ni tofauti kubwa, inayosikika na yeyote, na ndiyo sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ladha ya valvu. Ladha hiyo haipo ndani ya amplifaya peke yake. Imetokana na ndoa ya vyombo viwili, na ukibadilisha spika inabadilika nayo.

Kwa amplifaya za transista ukinzani huo ni mdogo mno, na huandikwa kinyumenyume kama namba ya udhibiti wa koni, kile kipande cha spika kinachotikisika: omu 8 zikigawanywa kwa ukinzani wa amplifaya. Ukinzani wa omu 0.04 unatoa 200, wa 0.008 unatoa 1,000. Muuzaji atakuambia 1,000 ni bora mara tano. Lakini waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 na urefu wa mita 3 una omu 0.04 kwenda na kurudi, kwa hiyo kwenye spika yenyewe 200 inakuwa 100 na 1,000 inakuwa 167. Ndani ya spika kuna koili yenye omu 6 za kwake, zinazozimeza tofauti hizo zote. Namba ya udhibiti ikizidi 100, tuendelee na mengine.

La muhimu kuliko hilo, na linalosahaulika, ni kulingana kwa priampu na pawa. Amplifaya inayozidisha mara 20, sawa na desibeli 26, ikipewa volti 2 inatoa volti 40, yaani wati 200 kwa omu 8. Inayozidisha mara 40 inafika hapo kwa volti 1, na kwa kuwa inakuza pia mvumo wa vyombo vilivyoitangulia, mvumo huo unapanda desibeli 6. Mwenye spika zenye unyeti mkubwa atausikia kama upepo kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, hata muziki ukiwa umesimama, na kidhibiti chake cha sauti kitafanya kazi kwenye robo ya kwanza tu ya mzunguko. Asikimbilie amplifaya inayozidisha sana. Waya wa mizani wenye plagi ya XLR, unaobeba muziki mara mbili, mara moja ukiwa umegeuzwa, ili mvumo ulioingia njiani ufutike, husaidia pale ambapo waya ni mrefu au ambapo vyombo viwili vinavutana mvumo kupitia ardhi. Kwa nusu mita baina ya vyombo vilivyo kimya, waya wa kawaida wenye plagi ya RCA unatosha.

Kuhusu tangi la umeme, kapasita hujazwa mara 100 au 120 kwa sekunde, kutegemea umeme wa mahali ni wa hezi 50 au 60, na kati ya kujazwa mara moja na nyingine ndizo zinazoilisha spika. Transfoma kubwa ya duara ni njia nzuri ya kuzijaza, ila ina hulka ya kunguruma yenyewe umeme wa nyumba unapokuwa na uchafu wa mkondo mnyoofu. Ngurumo hiyo hutoka kwenye chuma na si kwenye spika, na chumba kikiwa kimya usiku inaudhi kuliko upotoshaji wowote uliowahi kupimwa. Kabla ya kulipa, omba amplifaya iwashwe bila muziki na uinamishe sikio juu ya mfuniko wake.

Kulinganisha amplifaya mbili kwa sikio kuna mtego mmoja unaoharibu karibu kila jaribio la dukani na la sebuleni. Amplifaya mbili hazizidishi kwa kiasi kilekile, na inayotoa volti 2.12 pale mwenzake anapotoa 2.00 iko juu kwa nusu desibeli. Nusu desibeli haisikiki kama sauti kubwa zaidi. Husikika kama besi iliyojaa, kama mwimbaji aliyesogea mbele, kama uwazi. Niliwahi kutumia Jumapili nzima kuandika sifa za amplifaya iliyokuja kwa mkopo, nikagundua jioni kwamba ilikuwa juu ya yangu kwa desibeli 1.3. Nilipozisawazisha kwa multimita hadi sehemu ya kumi ya desibeli, na rafiki akabadilisha waya mimi nikiwa nimegeukia ukuta, daftari langu halikuwa na cha kuandika. Mwaka 1985 Bob Carver, mtengenezaji wa amplifaya wa Marekani, aliwaahidi wahariri wa jarida la Stereophile kwamba angeirekebisha amplifaya yake ya bei nafuu hadi ifanane kwa sauti na ya gharama kubwa waliyoichagua wao. Alifanya kazi hiyo akipunguza sauti ya moja kutoka kwa ya nyingine na kuifuta tofauti iliyobaki, na wahariri walikiri kwamba hawakuweza kuzitofautisha. Kisa hiki hakisemi kwamba amplifaya zote ni sawa, kwa kuwa alilazimika kuibadilisha yake. Kinasema kwamba tofauti zilizopo hupimika, na kinachopimika hakilazimiki kuwa ghali.

Fedha ya ziada basi hununua nini? Hadi kiwango fulani hununua mkondo kwa spika ngumu, ukimya, ulinzi wa kweli wa spika na vipuri vitakavyodumu. Juu ya kiwango hicho hununua alumini nene, uzito, na fahari ya kumiliki, ambayo ni haki ya mtu kuitaka mradi asiichanganye na sauti. Vivyo hivyo pawa mbili za upande mmoja mmoja, kila moja na spika yake: zinafaa pale ambapo spika ziko mbali na zinahitaji nguvu nyingi, na kwingine ni soketi mbili badala ya moja. Ila kuunganisha pande mbili za amplifaya moja ziwe upande mmoja ni jambo la kufanywa kwa hadhari, kwa sababu kila nusu huiona nusu tu ya impidansi. Spika ya omu 4 inakuwa omu 2 kwa kila nusu, na kama spika hiyo hushuka hadi 3, kilichobaki ni 1 na nusu.

Amplifaya kubwa zilizotumika ni njia ya busara ya kupata chuma kingi kwa fedha kidogo, lakini kapasita zake huzeeka, na kwa kanuni ya mafundi kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wao kwa nusu, kwa hiyo amplifaya ya daraja A yenye miaka 25 ihesabiwe pamoja na gharama ya kubadilisha kapasita. Kabla ya kuifunga kwenye spika zako, iwashe bila kitu mlangoni, isubiri ipate moto, na uweke multimita kwenye milivolti za mkondo mnyoofu baina ya terminali nyekundu na nyeusi za kila upande. Milivolti 5 au 10 ni afya. Zikizidi 50, mpe fundi aitazame. Mita ikionyesha volti nzima, spika zisiguse terminali hizo hata kwa kujaribu, kwa maana koili ya wufa, spika kubwa ya besi, itakuwa imeungua kabla hujaufikia mkono wa swichi.